"Kazi ya Mungu haina makosa": tunaposema hivi msibani, tunamjibu nani?

Kipanga Mzee (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nimeuleta jukwaa hili na si lile la dini kwa makusudi, maana kule ukigusa jambo hili, kufika ukurasa wa pili watu wameshaanza kuitana makafiri.

Msiba wowote hapa kwetu, uwe wa Waislamu au wa Wakristo, sentensi hii haikosi: kazi ya Mungu haina makosa. Ikisemwa juu ya babu wa miaka 90 aliyelala usiku asiamke, sina ubishi nayo. Shida yangu ni kwamba sentensi hiyohiyo inatolewa jengo likiporomoka, basi likipinduka baada ya kuovateki kwenye kona, mzazi akifa kwa sababu damu ya kumwongezea haikuwepo. Hapo mchungaji anaitamka, sheikh anaitamka, na kiongozi wa serikali aliyekuja na msafara naye anaitamka. Huyo wa tatu ndiye anayenitia shaka zaidi.

Kuna mji uliwahi kubishana juu ya hili huku kifusi kikiwa bado kinafuka moshi. Lisbon, Ureno, Novemba 1, 1755. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa na makanisa yakawaangukia waumini. Walionusurika wakakimbilia kando ya mto Tagus kwenye uwazi. Maji yakajivuta, kisha yakarudi kwa kishindo na kuwazoa. Halafu moto ulioanzia kwenye mishumaa na majiko ukaunguza kilichobaki, siku baada ya siku. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Kilichowavuruga watu wa Ulaya ni mahali na saa yenyewe: mji wenye sifa ya ucha Mungu, siku ya ibada, watu wakiwa kwenye misa.

Mwaka uliofuata padri mmoja Mjesuiti, Gabriel Malagrida, akachapisha kijitabu. Chanzo si mambo ya ardhi, alisema, ni dhambi za watu wa Lisbon, na anayedai ni tukio la asili anawazuia watu kutubu. Aliyekuwa akiendesha serikali, yule ambaye historia inamjua kwa jina la Pombal, alikuwa na maiti za kuzika na watu wa kulisha, na akaona mahubiri hayo yanamkwamisha. Mtu anayesubiri hasira ya pili ya Mungu habebi matofali. Malagrida akaondolewa mjini, na mwaka 1761, baada ya visa vingine vya kisiasa, Baraza la Kuchunguza Wazushi likamhukumu. Akanyongwa na mwili wake ukachomwa. Simsifii Pombal kwa hilo, ulikuwa ukatili mtupu. Ila alifanya jambo jingine ambalo mimi nalihesabu kuwa la kifalsafa kuliko vitabu vingi vya wakati ule: aliwatumia maparoko maswali. Tetemeko lilidumu muda gani? Bahari ilianza kupanda au kushuka? Nyumba ngapi zimeanguka? Wamekufa wangapi?

Wenye kalamu nao hawakukaa kimya. Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani, Leibniz, alikuwa ameandika kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwema na muweza wa yote, kati ya dunia zote zinazowezekana lazima ameumba iliyo bora. Mabaya tunayoyaona ni sehemu ya mpango mkubwa ambao sisi hatuuoni mzima. Hiyo ndiyo sentensi yetu ya msibani, ila imevaa suti. Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaijibu kwa shairi la hasira. Je, Lisbon ilikuwa na dhambi kuliko London au Paris? Mbona huku watu wamefukiwa, na Paris wanacheza dansi? Na watoto wachanga waliokufa vifuani mwa mama zao walikuwa wamekosa nini?

Jibu lililonikamata mimi ni la Rousseau, mwanafalsafa wa Geneva. Agosti 1756 alimwandikia Voltaire barua akamwambia, kwa maneno yangu mimi: asili haikujenga pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Watu wangekuwa wametawanyika kwenye nyumba ndogo, hasara ingekuwa ndogo sana au isingekuwepo. Na ni wangapi walikufa kwa kurudi ndani, huyu kufuata nguo, yule karatasi zake, mwingine pesa?

Kant naye, mwanafalsafa Mjerumani, akiwa kijana wa miaka 31 tu hivi, aliandika makala kadhaa kuhusu tetemeko lile, akaeleza kwamba Peru watu hupandisha ukuta wa mawe kidogo tu na juu wanamalizia kwa matete. Hoja yake: binadamu ajifunze kuifuata asili, asingoje asili imfuate yeye.

Sasa angalieni jambo hili. Rousseau hakuwa akimpinga Mungu. Barua ile aliiandika kumtetea. Na katika kumtetea akajikuta amemnyooshea kidole mjenzi. Mungu akiondolewa kizimbani, kizimba hakibaki kitupu.

Turudi nyumbani. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa zaidi ya kumi lililokuwa bado linajengwa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, watu zaidi ya 30 wakafa. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, asubuhi watu wakiwa kwenye biashara zao. Mara zote mbili mitandao ilijaa sentensi yetu. Kwangu mimi hapo kuna maswali mawili ambayo hayapaswi kupewa jibu moja. La kwanza: kwa nini dunia ya Mungu mwema ina vifo vya namna hii? Ni swali zito, halali, na sidhani litaisha. La pili: nani alitakiwa kuangalia zege lile na hakuangalia? Hili lina jibu, na jibu lina majina na sahihi.

Msinijibu kwamba hayo ni mawazo ya Wazungu wasioamini. Luka 13: Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na jibu lake ni hapana. Ayubu: rafiki zake, Elifazi na wenzake, walikuja na hoja ileile ya Malagrida, kwamba ukiona mtu kapigwa ujue alikosea. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliojifanya mawakili wake, si Ayubu aliyelalamika.

Na kwa upande wa Uislamu, Khalifa Omar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham (upande wa Syria), akaambiwa kuna tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza: unakimbia kadari ya Mungu? Omar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Una ngamia, na bonde lina pande mbili, moja kijani na jingine kavu, popote utakapowalisha utakuwa umewalisha kwa kadari ya Mungu. Sasa mtu aliyeamini kadari kuliko sisi sote aligeuza msafara, na sisi tunashindwa kukagua nguzo?

Nimemaliza kwa sasa. Karibuni, matusi hapana.

Mtumishi wa Bondeni

Mkuu, umeandika vizuri lakini nimeona unapoelekea. Unamtoa Mungu taratibu kwa mlango wa uani. Nijibu hili moja tu: kama Mungu hayupo kwenye hesabu, nani amesema uzembe ni ubaya? Mkandarasi akiiba nusu ya saruji na asikamatwe, amekosea kwa sheria ya nani? Ukimtoa Hakimu, kilichobaki ni maoni yako na maoni yake.

Kipanga Mzee

Mtumishi, swali lako ni la zamani na lilianzia kwenye kesi ya uzembe, utapenda hii.

Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Mwanafalsafa Socrates, kama alivyosimulia mwanafunzi wake Plato, anakutana na mtu aitwaye Euthyphro kwenye viwanja vya mahakama. Euthyphro amekuja kumshitaki baba yake mzazi kwa kuua. Kibarua wao, akiwa amelewa, aliua mtumwa wa nyumbani. Mzee akamfunga mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu mjini kuuliza afanywe nini. Kabla mjumbe hajarudi, yule kibarua akafa kwa njaa, baridi na kamba. Hakuna aliyemkusudia kufa. Hakuna tu aliyejali kama ataishi.

Euthyphro anajiamini kabisa kwamba kumshitaki baba ni uchaji. Socrates akamuuliza swali ambalo halijafa mpaka leo: jambo la kichaji linapendwa na miungu kwa sababu ni la kichaji, au ni la kichaji kwa sababu miungu wanalipenda?

Lilete kwetu. Ukisema kuiba saruji ni kubaya kwa sababu tu Mungu amekataza, basi angeruhusu ingekuwa safi, na kusema "Mungu ni mwema" inabaki kuwa sawa na kusema Mungu anafanya anachotaka. Ukisema Mungu amekataza kwa sababu ni kubaya, basi ubaya upo kwenye kitendo chenyewe, na hata asiyeamini anaweza kuuona. Mimi niko upande wa pili. Mtoto aliyefukiwa na ghorofa ndiye sababu ya ubaya ule. Amri inaukumbusha, inautia uzito, hata adhabu. Haiuzalishi.

Wapo waliojibu kwamba wema ndiyo tabia ya Mungu yenyewe, hivyo si amri tupu wala si sheria iliyo juu yake. Ni jibu la heshima. Lakini ukimuuliza mtu huyo ametambuaje kwamba tabia hiyo ni wema, atakutajia huruma, haki, ukweli, vitu ambavyo alivijua vizuri kabla hujamuuliza.

Na sisi Waafrika hatukusubiri Athens. Wanafalsafa wawili wa Ghana, Kwasi Wiredu na Kwame Gyekye, walieleza kwamba kwa Waakan, watu wa huko Ghana, maadili hayakujengwa juu ya amri zilizoshushwa. Wanamwamini Muumba, lakini hakukuwa na kitabu wala mtume aliyewaletea orodha. Jambo lilipimwa kwa linavyowajenga au kuwabomoa watu wanaoishi pamoja. Fikiria bibi zetu huku bara kabla ya misheni: walijua vizuri tu kwamba kumnyima maji mpita njia ni aibu.

Bin Mwalimu

Assalaam alaykum. Mleta mada umepita juu juu kwenye jambo ambalo sisi wa pwani tumelelewa nalo. Wengi wetu huku ni Mashafii katika fiqhi na Maashaari katika itikadi, na hilo la "jema ni lile aliloamrisha Mola" ndio msimamo wenyewe, si ujinga wa watu wasiomsoma Plato.

Nikupe kisa. Abul Hassan al-Ashari wa Basra, ambaye Maashaari tunaitwa kwa jina lake, alikuwa mwanafunzi wa al-Jubbai, mwalimu mkubwa wa Mutazila, nao Mutazila wakisema kama wewe: akili inajua jema na baya yenyewe, na Mungu lazima amfanyie mja lililo bora. Inasimuliwa kwamba Ashari alimuuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu. Mmoja alikufa mcha Mungu, mmoja alikufa kafiri, mmoja alikufa mtoto mdogo. Yule mcha Mungu yuko juu peponi. Mtoto akisema, "Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nipate daraja kama ya kaka?" atajibiwa nini? Mwalimu akasema: ataambiwa nilijua ungekua ungeasi, basi lililo bora kwako lilikuwa kufa mdogo. Ashari akasema: hapo atapiga ukelele yule aliye motoni, "Na mimi je, ulijua nitaasi, mbona hukuniua mdogo?" Mwalimu akanyamaza.

Kisa hicho, yakhe, hakikuja kumvunja Mungu. Kimekuja kuivunja kiburi ya anayetaka kumpimia Mungu kwa kibaba chake. Kwa hiyo nikisema kazi ya Mungu haina makosa, sisemi kwamba nimeikagua nikaikuta sawa. Nasema mimi si mkaguzi wake.

Kipanga Mzee

Waalaykum salaam. Bin Mwalimu, hii ni hoja bora kuliko ya Leibniz na nitakuambia kwa nini. Leibniz anadai hesabu imelingana, ila hatujaonyeshwa daftari. Ashari anasema daftari si letu. Yule mtoto na yule wa motoni wanalivunja kila jibu la aina ya "alijua kilicho bora", na hayo ndiyo majibu tunayowapa wafiwa kila siku: Mungu amempenda zaidi, Mungu alikuwa anamwepusha na mabaya ya mbele. Ukiwa Mwashaari kweli, unapaswa kuwa wa kwanza kuwakataza watu kusema hivyo.

Ila tazama hoja hiyo inakoishia. Inakukataza kumkagua Mungu. Haikukatazi kumkagua mkandarasi. Sura ya Ash-Shura katika Qur'ani, aya ya 30, inasema misiba inayowapata ni kwa yale iliyochuma mikono yenu. Mikono ya nani? Hapo ndipo ninapotaka tukae. Najua mtanijibu kwa methali, jitihada haiondoi kudura. Sawa. Lakini hata methali yenyewe inachukulia kwamba jitihada ilikuwepo.

Mkana Yote

Uzi mzima mmezunguka mbuyu. Hakuna Mungu, hivyo hakuna wa kulaumiwa wala wa kusifiwa. Swali limekwisha.

Kipanga Mzee

Swali la kwanza labda limekwisha kwako. La pili liko palepale na zege bado ni bovu. Halafu ujue, Voltaire niliyemtaja hakuwa mkana Mungu, alimwamini Muumba hadi uzeeni. Alichokataa ni majibu ya haraka. Na la kwako ni la haraka pia.

Nesi wa Zamu

Kaka zangu, nimewasoma kimya toka mwanzo. Mimi niko wodini, nimeshawaambia watu habari mbaya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mnaichambua hii sentensi kama vile ni hoja. Wanaoisema wengi hawatoi hoja.

Nilikulia Usukumani. Kule mtu akifa ghafla, swali la kwanza si "Mungu kwa nini", ni "nani". Na "nani" huyo mara nyingi ni bibi kizee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mnajua vikongwe wangapi wameuawa Shinyanga na Mwanza kwa swali hilo. Sasa mzee wa ukoo anaposimama mbele ya jeneza akasema kazi ya Mungu haina makosa, anawaambia vijana wenye mapanga: rudini nyumbani, hapa hakuna wa kutafutwa. Nimeona sentensi hiyo ikiokoa mtu. Mkiiondoa mtaweka nini?

Kipanga Mzee

Dada, umeleta kitu kizito kuliko Lisbon yangu yote.

Kuna mtafiti, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande kusini mwa Sudan miaka ya 1920, kitabu chake kikatoka 1937. Mfano wake maarufu ni ghala la nafaka. Wazande hukaa chini ya ghala kukwepa jua, na siku nyingine ghala linaanguka na kuumiza watu. Kila Mzande anajua mchwa wamekula nguzo. Hawabishi hilo hata kidogo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile walipokuwa wamekaa watu wale. Mchwa anaeleza kuanguka. Hamwelezi huyu, leo. Pengo hilo wao wanalijaza kwa uchawi.

Malagrida alilijaza kwa dhambi. Leibniz kwa dunia bora. Mzee wako wa ukoo analijaza kwa Mungu kisha anafunga mlango, na kwa hali ya kule, nakubaliana na wewe, kati ya majibu yote hayo ndilo lisilomuua mtu. Mimi binafsi naona pengo lile liachwe wazi. Watu wale walikuwa pale kwa sababu jua lilikuwa kali. Basi. Najua hilo halimtoshi mama aliyefiwa, na sitamfuata msibani kumwambia.

Ila mlango ule unafungwa kwa wote wawili. Unamfungia bibi mwenye macho mekundu, asiye na kosa, na unamfungia aliyesaini mchoro mbovu. Wa kwanza tunamtaka alindwe. Wa pili anashukuru kimyakimya na kutoa rambirambi. Kinachowatofautisha ni yale maswali ya Pombal: vitu vinavyoweza kwenda kuangaliwa, vikaonekana au visionekane. Kwa bibi hutakuta kitu, hata ukichimba uani kwake mwaka mzima.

Nesi wa Zamu

Hapo nimekuelewa, ila usiwadharau wanaotaka kujua "kwa nini huyu, leo". Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza hivyo na sikuwa na mchwa wa kumwonyesha. Nilikaa naye tu. Nadhani hata Elifazi na wenzake walifanya vizuri zile siku saba za mwanzo, walipokaa chini na Ayubu bila kusema neno. Waliharibu walipofungua mdomo.

Mtumishi wa Bondeni

Nesi, hilo nitalihubiri Jumapili. Mleta mada bado sijakubaliana naye kuhusu Euthyphro, nitarudi na Tomaso wa Akwino, yule mwanateolojia wa Kanisa, wiki ijayo nikipata muda.

Saruji na Nondo

Samahani wakuu, falsafa siijui, mimi ni fundi. Lakini kama mnataka hayo maswali ya huyo Mreno yaulizwe hapa kwetu, nawapa ya kuanzia. Udongo ulipimwa na nani na ripoti iko wapi? Kibali kilikuwa cha ghorofa ngapi na zimepanda ngapi? Nondo za nguzo ni za milimita ngapi kwenye mchoro na ngapi kwenye kifusi? Vile vipande vya zege vya kupimwa siku ya 28 vilipelekwa maabara au viligeuzwa vigoda vya mama ntilie? Hilo la mwisho sitanii, nimevikalia.